Risala ya Wapiga Picha wa Ridhaa wa Tanga kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu, mwenyeji wetu,
Mwenyekiti wa Mtaa,
Masheikh na wachungaji mlioitikia mwaliko,
Wazazi, walimu na wanafunzi,

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wetu, shikamooni.

Watu husema Tanga ni ya waja leo waondoka leo. Wewe umekuja leo, nasi tunakuomba usiondoke kabla ya kuziona picha zote zilizotundikwa humu ukumbini, maana kila moja ina mtu aliyeipiga na ina mtu aliyekubali kupigwa, na wengi wao wamekuja kukuona.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi ni wapiga picha wa ridhaa. Hakuna kati yetu anayeendesha maisha kwa kamera. Yumo fundi cherehani wa Ngamiani, wamo walimu, yumo muuguzi, yumo kijana wa bodaboda, yumo mama anayekaanga mihogo na samaki jioni, na wamo wanafunzi wa sekondari. Wengi tunatumia simu za mkononi. Wachache wana kamera, na baadhi ya kamera hizo zimepita mikono mingi kabla ya kufika kwetu. Jumapili asubuhi tunatawanyika: huyu Raskazone, yule soko la Mgandini, mwingine Sahare kuwapokea wavuvi. Alasiri tunakutana barazani kwa mwenzetu, na kila mtu anatoa picha moja tu.

Tuna sharti moja. Picha haisifiwi wala haikosolewi mpaka aliyeipiga aeleze ilikuwaje. Nani yumo? Alikuwa akifanya nini? Mlizungumza nini kabla hujainua simu, na baada ya hapo mkaagana vipi? Asiyeweza kujibu, tunamwomba arudi akamtafute mtu wake.

Sharti hilo hatukulibuni sisi. Tumelirithi. Wengi wetu tumekulia katika nyumba zenye bahasha ya picha za studio za zamani, nyeusi na nyeupe: pazia limechorwa bustani, meza ndogo ina redio au maua ya plastiki, kijana amevaa suruali pana na mkono ameukunja ili saa ionekane. Igeuze picha ile. Nyuma yake utakuta mwandiko wa kalamu ya wino, pengine umeanza kufifia: ukumbusho kwa ndugu yangu mpendwa, kisha jina, mji na tarehe. Wazee wetu walilipia picha kwa fedha waliyoitafuta kwa jasho, na hawakuiacha iende kwa mtu bila maneno. Leo kijana mmoja anapiga picha mia kwenye harusi moja na haandiki hata neno. Baada ya miaka ishirini atazitazama na kuuliza, huyu aliyesimama pembeni ni nani?

Swali hilo tayari linatuuma hapa Tanga. Mpiga picha Mjerumani Walther Dobbertin alizunguka nchi hii kabla ya Vita Kuu ya Kwanza na wakati wa vita hivyo, na mamia ya picha zake yamo leo katika hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani, Bundesarchiv. Mwenye intaneti anaweza kuziona, na sisi tumeziona tukiwa pamoja. Wapo askari, wapo wapagazi, zipo reli na bandari. Maelezo yanataja mahali, yanataja kazi ya mtu, na mara nyingi yanakomea hapo. Mtu amesimama na mzigo kichwani, anatutazama usoni, na hatujui ni babu wa nani. Yawezekana wajukuu zake wako Makorora au Chumbageni, na hawajui kwamba sura yake ipo.

Wala jambo hili halikuwapata waliopigwa picha peke yao. Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako, nchini Mali, mwaka 1948, na watu wa mji wakamiminika wakiwa wamevaa nguo zao bora. Mwaka 1991 baadhi ya picha zake zilionyeshwa New York, na chini yake pakaandikwa kwamba mpiga picha hajulikani. Keïta alikuwa hai, yuko kwao Bamako. Alitafutwa baadaye, akapata heshima aliyostahili, akafariki mwaka 2001. Lakini wengi walioketi mbele ya kamera yake, dunia inawajua kwa sura na kwa mavazi tu. Haiwajui kwa majina. Tunaposoma habari kama hiyo, tunaona wajibu wetu uko wapi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba nikueleze picha chache kabla hujaziona.

Karibu na mlango utakuta picha ya mikono miwili. Ilipigwa Sahare na mwenzetu ambaye alifika alfajiri akitaka jua likichomoza nyuma ya mashua. Jua alilikuta, ila alimkuta pia mzee anatengeneza wavu uliochanika. Mzee ameketi mchangani, mguu mmoja ameunyoosha, wavu ameubana kwa kidole gumba cha mguu ili ukazike, na mkono wa kulia unapitisha sindano ya plastiki yenye uzi uliozungushwa. Mkono wa kushoto una kijiti kifupi. Kijiti hicho ndicho kipimo cha jicho la wavu: kila fundo linafungwa juu yake, ili matundu yote yawe sawa na samaki wadogo wapate kupita. Mwenzetu aliomba kumpiga picha. Mzee akamjibu, "Uso wangu huu kila mtu hapa anaujua. Piga wavu." Basi akaketi, akashikishwa upande wa pili wa wavu auvute, na kwa muda mrefu hakupiga chochote. Picha unayoiona ilipigwa maji yalipokwisha kuanza kupwa. Chini yake tumeandika jina la mzee, kwa idhini yake, na kazi ya kila kitu kinachoonekana, hata kile kijiti.

Picha ya pili ninayotaka kukuelekeza ni ya mwanafunzi wa kidato cha tatu, na nitasema wazi kwamba ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mtaalamu ataona imetikisika. Ni mtoto wa kiume kwenye baiskeli ya baba yake, zile kubwa za chuma. Tandiko halifikii, kwa hiyo amepitisha mguu katikati ya fremu na anakanyaga pedali akiwa amejipinda ubavu. Kwenye usukani imening'inia chupa ya mafuta ya kupikia aliyotumwa dukani. Mji wetu ni mji wa baiskeli, na nadhani robo tatu ya walioko humu walijifunza hivyo hivyo. Binti aliyepiga picha alikuwa akikimbia sambamba naye. Hatua chache mbele mtoto akaanguka, mama akatoka mbio ndani, akaiokota chupa kuangalia kama mafuta yamemwagika, ndipo akamtazama mtoto. Hakuna aliyeumia, na mafuta yalibaki. Haya yote hayamo kwenye picha. Yamo kwenye maelezo ya binti, na ukishayasoma hutaiona tena ile picha kama picha iliyotikisika.

Ipo pia picha ya duka moja Chongoleani. Wote tunajua kwamba bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia huko. Matangi na mitambo vitapigwa picha na wengi wenye kamera kubwa kuliko zetu, na ni vizuri vipigwe. Mwenzetu aliona pia kuna haja ya kuweka kumbukumbu ya maisha ya kila siku ya kijiji cha wavuvi wakati mambo makubwa yanapowafikia. Akapiga meza ya duka: mizani, chumvi kwenye beseni, betri za tochi, na daftari la mikopo likiwa wazi. Mwenye duka alipoona kamera imeelekea kwenye daftari, aliweka kiganja juu ya majina ya wanaodaiwa. Kiganja hicho kimo kwenye picha, nasi tumekiacha hapo kwa makusudi, kwa sababu mama yule aliwasitiri wateja wake.

Hapo ndipo nifikie picha ambazo hutaziona leo. Wanachama wetu wanawake huitwa kwenye shughuli za harusi, bi harusi anaposingwa na wanawake wako peke yao, vichwa wazi, wanacheza. Picha zinapigwa kwa simu moja ya mwanamke mmoja, zinakabidhiwa kwa mwenyewe bi harusi, kisha zinafutwa kwenye simu mbele yake. Hazipiti kwenye kundi letu hata kwa dakika moja. Nchi yetu sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na tumewaeleza wanachama kwamba sura ya mtu ni mali yake. Lakini sisi watu wa pwani tulifunzwa stara na mama zetu kabla sheria haijaandikwa. Mpiga picha asiyejua lini ateremshe kamera hatumhesabu kuwa amefuzu, hata kama picha zake zinang'aa namna gani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto tunazo. Ya kwanza ni utunzaji. Picha zetu zinaishi ndani ya simu, na simu huibwa, huanguka baharini, hufa. Tunatumiana kwa WhatsApp, na wengi hawafahamu kwamba picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa ikapungua ubora, na ile tarehe na mahali palipohifadhiwa ndani ya faili huondolewa. Tumewafundisha wenzetu waitume kama dokumenti ili ifike nzima. Hata hivyo simu haiwezi kuhifadhi jina la mzee wa Sahare wala maneno aliyoyasema. Hilo lazima mtu aliandike kwa mkono wake. Kwa wenye kamera, unyevu wa masika huotesha kuvu ndani ya lenzi, na vifaa vya kusafishia ni ghali.

Changamoto nyingine ni kutoeleweka. Tunajua maeneo kama bandari na kambi za ulinzi hayapigwi picha bila kibali, na tunaheshimu hilo. Lakini hata sokoni mwenzetu huzuiwa akadhaniwa ni mpelelezi, au wauzaji hudhani picha zao zinakwenda kuuzwa nje. Barua ya utambulisho kutoka ofisi husika ingetusaidia sana, na tunaiomba kwako leo.

Ombi letu kubwa, hata hivyo, ni jingine. Makumbusho ya Urithi katika Boma la zamani tayari yana picha za Tanga ya kale. Tunaomba utusaidie kupata mazungumzo ili picha zetu zilizosafishwa, pamoja na maelezo yaliyoandikwa nyuma ya kila moja, zipate sanduku kavu na rafu mahali ambapo mtoto wa shule anaweza kwenda na kuziomba. Hatuombi jengo.

Na kwako Mwalimu Mkuu na walimu wenzako, tunaomba mtupe saa moja kwa wiki na wanafunzi wenu. Hatutaanza na kamera. Tutawaomba kila mmoja aombe ruhusa nyumbani, alete picha moja ya zamani ya familia yake, akae na bibi au babu, na aulize: huyu ni nani, hapa ni wapi, siku hiyo kulikuwa na nini? Aandike anavyoambiwa, kwa penseli laini, taratibu, nyuma ya picha na si mbele. Bibi zetu wengi bado wapo na wanakumbuka hata aliyeshona ile gauni. Lakini kila mwaka tunazika baadhi yao, na wanaondoka na majina. Kazi hii haihitaji fedha, ila haiwezi kungoja mwakani.

Tunamshukuru Mwalimu Mkuu kwa ukumbi huu, fundi seremala aliyetutengenezea fremu kwa bei ya mbao tu, na kina mama walioandaa chai na vitumbua. Tunawashukuru zaidi watu waliotufungulia milango yao, wakatuambia habari zao, na wakakubali majina yao yaandikwe.

Baada ya risala hii, Mheshimiwa, tunakuomba uanzie upande wa kulia wa mlango. Kila mwenye picha atasimama kando ya picha yake, na yule aliyepigwa, kama amefika, atasimama upande wa pili. Tafadhali usiwaulize wapiga picha kwanza. Waulize wale waliomo kwenye picha, maana wao wanajua zaidi yetu, na mzee wa Sahare amekuja na kijiti chake.

Ahsante kwa kutusikiliza. Karibu sana.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wapiga picha wa ridhaa, Tanga.