Khalati, prednisoloni usiiache

Khalati yangu, shikamoo.

Nimeambiwa prednisoloni, dawa yako ya mayastenia gravisi, ule ugonjwa wa misuli kuchoka, umeiweka kabatini kwa sababu imekuvimbisha uso, umebaki na ile dawa nyingine, pairidostigmini, peke yake. Siwezi kukulaumu. Kazi ya pairidostigmini unaiona kwa macho: umeze, nusu saa au arubaini dakika kope zinanyanyuka. Saa nne baadaye zimeshuka tena.

Mimi sijasahau ile Alkhamisi hapo Wete, baada ya Magharibi, ulivyokuwa ukisoma Yasini huku umeinua kope la kushoto kwa kidole. Tulipokaa kula, pweza ulimtafuna mara tatu nne, ukashika kidevu kwa mkono ili ufunge mdomo. Asubuhi yake ulikuwa mzima, umekuna nazi mbili. Ndiyo mayastenia gravisi hiyo, inakuja kadiri msuli unavyotumika.

Kinga ya mwili wako inapiga pale mshipa wa fahamu unapokutana na msuli, amri haifiki sawasawa. Pairidostigmini inaipa nguvu ile amri kwa muda. Njia hii ilianza London mwaka 1934, daktari Mary Walker alipomdunga mgonjwa wake fizostigmini, dawa ya jamii hiyo hiyo. Lakini kinga iliyokasirika inabaki vile vile. Kuituliza ni kazi ya prednisoloni, nayo inachukua wiki hadi miezi. Azathioprini, dawa nyingine ya kutuliza kinga, inachelewa zaidi kuanza kazi, pengine mwaka mzima, lakini ikishaingia ndiyo itakayomwezesha daktari kukupunguzia prednisoloni aste aste, na uso urudi. Ukikatisha leo, unaikatisha njia ya kuupata uso wako. Tena kuiacha ghafla ni hatari, mwili umeshaitegemea na udhaifu unaweza kuingia kooni na kifuani. Sukari, presha na damu vipimwe kila unapotakiwa.

Upasuaji wa tezi ya thaimasi, ile nyuma ya mfupa wa kifua, usiukatae kabla ya kusikilizwa. Utafiti uliotoka 2016 ulionesha wagonjwa wengine walio chini ya miaka 65 walipata nafuu zaidi walipofanyiwa pamoja na prednisoloni. Muulize daktari kama wewe umo.

Na dawa za dukani, Khalati! Mwaka jana ulipewa siprofloksasini, ile antibiotiki, kwa ajili ya mkojo, bila kuulizwa unaumwa nini, na usiku ule ulishindwa kunywa hata uji. Kwinini nayo, na antibiotiki ya jentamisini, zinaweza kukudhoofisha. Sema ugonjwa wako kabla hawajafungua kabati.

Mate yakikushinda kumeza, au pumzi zikawa fupi, usingoje asubuhi. Hospitali saa hiyo hiyo, kwani huko kuna kusafishwa plazma, yaani maji ya damu, au kutiwa imunoglobulini, yaani kingamwili kutoka damu za watu wengine, pale zinapopatikana.

Ramadhani tutaizungumza na daktari kabla haijafika. Mgonjwa ana ruhusa yake.

Kesho baada ya Alasiri nakupigia. Kaa na vikopo vyote mkononi, unisomee yaliyoandikwa juu yake.