Mwanangu, wewe umepima?

Mwanangu,

Shangazi yako alinipigia juzi kunieleza kwamba mkeo amepelekwa kwa mganga wa pili kwa kuwa hajashika mimba, na kwamba ukoo umeanza kukutafutia mwanamke mwingine. Nilimgeuzia mazungumzo, tukaongea bei ya mkaa. Wewe nakuandikia kwa sababu kwenye simu utasema "sawa mzee", halafu mtandao utakatika.

Je, umepima mbegu zako?

Vyeti vya mkeo tumeviona, alimwonyesha mama yako Pasaka bila kuombwa. Mirija iko wazi, mayai yanapevuka, homoni hazina neno. Chako hakuna aliyekiona.

Kazi yangu ya uhimilishaji, kuwapandikiza ng'ombe mbegu kwa mrija, unaijua. Mfugaji akija analia kwamba majike hayashiki mimba, tulianza kuuliza habari za dume, maana jike akiwa na kasoro hukosa ndama mmoja, ila dume akiwa mbovu boma zima linakaa bure. Pale Usa River, kwenye kituo cha mbegu za madume, mbegu haziingii kwenye naitrojeni ya kimiminika ya kuzigandisha, nyuzi 196 chini ya sifuri, kabla ya kutazamwa kwa darubini: ni nyingi kiasi gani, zinakwenda mbele au zinazunguka papo hapo. Fahali anaweza kupanda kila siku na bado asizalishe. Na wewe usinijibu kwamba nguvu unazo. Nguvu ni jambo moja, mbegu ni jingine. Shahawa zinaweza kutoka za kutosha na ndani yake kusiwe na mbegu hata moja.

Katika ndoa zinazochelewa kupata mtoto, karibu nusu yake mwanaume anahusika, peke yake au pamoja na mkewe. Shirika la Afya Duniani linahesabu mbegu milioni 16 kwa mililita kuwa kiwango cha chini. Ukikutwa chini ya hapo si kwamba umefungwa, ila daktari anapata pa kuanzia. Sasa mganga anaanzia wapi?

Mama yako naye alinyweshwa mizizi ya bibi yako kabla hujazaliwa. Alikuwa akienda kuitapika nyuma ya zizi. Nilikuwa najua.

Halafu hizo sindano za kujaza misuli (mdogo wako ndiye aliyesema, usimgombeze). Homoni ya kiume ikiingizwa kutoka nje, ubongo huona imetosha na kuacha kuziamuru korodani zifanye kazi. Kifua kinapanuka, mbegu zinapungua, wakati mwingine zinakwisha kabisa. Acha, na umweleze daktari ukweli. Mweleze pia yale matubwitubwi ya kidato cha tatu yaliyokushukia mpaka korodani. Na usitegemee mabadiliko ndani ya wiki, kwa kuwa mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa; homa kali ya leo utaiona kwenye majibu ya baadaye.

Inawezekana pia hakuna mgonjwa kati yenu. Ng'ombe huingia kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi na hakufichi: husimama apandwe na wenzake, ukimwona asubuhi unamhimilisha jioni. Mwanamke hana dalili ya wazi namna hiyo. Yai lake likishatoka halimalizi zaidi ya siku moja, ingawa mbegu zinaweza kulisubiri humo ndani hata siku tano. Wewe uko mgodini Geita kwa zamu, yeye yuko Mwanza. Kaeni na kalenda, mhesabu ni miezi mingapi mlikutana siku zinazofaa, kabla hamjamtafuta mchawi.

Mhandisi wa kwanza katika ukoo huu, picha ya mahafali bado iko juu ya kabati, mama yako huipangusa kila Jumamosi. Pampu ya kijiji uliipima kwa namba mpaka mwenyekiti akakupigia makofi. Kwa hili unamsikiliza shangazi!

Huku mvua imekatika mapema. Yule mtamba mwekundu amezaa mapacha, dume na jike. Jike nitamnenepesha, kwa sababu ng'ombe jike aliyezaliwa pacha na dume karibu kila mara huwa tasa. Damu yao huchanganyika tumboni na homoni za kaka yake huharibu viungo vyake vya uzazi. Mama yako nimemkataza asimpe jina, amekwisha kumpa. Kwa binadamu hilo halipo, nalisema mapema kabla shangazi hajaanza kuwachunguza watu waliozaliwa mapacha.

Hela ya mabati ya jiko usitume mwezi huu, pimia. Kabla ya kwenda kaa siku mbili bila tendo la ndoa, zisizidi saba. Majibu yakitoka yapige picha utume kwenye simu ya mama yako, yangu haipokei picha.

Baba yako