Furaha, hivyo vidonge usinunue

Bukavu

Mwanangu Furaha,

Picha ya vidole vyako nimeipata. Kama kuna mtu hapo Lubumbashi anakwambia vidoa vyeupe vya kwenye kucha ni upungufu wa kalsiamu, na ununue vidonge vyake, anatafuta pesa yako. Mara nyingi vidoa hivyo hutokana na kugonga kucha mahali, au na yule dada wa kupaka rangi anayesukuma ngozi kwa nguvu. Kucha ya mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo doa linapoonekana umeshasahau ulipojigonga. Litasogea mbele mpaka ulikate.

Mistari myeusi ya kucha nayo, baba yako anayo kwenye vidole karibu vyote. Kwetu watu weusi ni kawaida, hasa umri ukisonga. Ila ukiona mmoja peke yake, mpya, unapanuka au weusi wake unaingia kwenye ngozi, muone daktari upesi. Saratani iliyomuua Bob Marley mwaka 1981 ilianzia chini ya ukucha wa mguu.

Sasa nije kwa lile ambalo hukuuliza. Kucha zako zimepauka, mama, tena mbili zimebonyea katikati kama kijiko. Kucha ya hivyo huweza hata kushika tone la maji lisimwagike. Mara nyingi ni damu kukosa madini ya chuma. Na juzi kwenye simu ulihema kwa kupanda ngazi tu, ukasema hedhi yako siku hizi inakawia kuisha. Mimi naunganisha.

Lakini kucha peke yake haithibitishi kitu. Nenda upimwe emoglobini, yaani wingi wa damu, na malaria na minyoo wasiache kuangalia. Hiyo hedhi uitaje wewe mwenyewe, usingoje uulizwe. Rangi ya kucha uitoe kabla ya kwenda: inaficha huko kupauka, na kile kifaa cha kubana kidole kupima oksijeni kinaweza kudanganywa nayo. Vidonge vya chuma usimeze kabla ya majibu.

Kwa sasa kula maharagi, lengalenga, na nyama au samaki ukipata, ukamulie ndimu. Chai uiache mbali na chakula, maana inazuia chuma kuingia mwilini. Najua hilo ndilo litakalokuuma zaidi.

Pesa ya kipimo namtumia mama mdogo leo. Mwende wote wawili, na karatasi ya majibu uipige picha unitumie.

Mama yako