Mama yako mkubwa anakuja

Mwanangu,

Ijumaa mama yako mkubwa atapanda basi kuja huko Dar kutibiwa macho. Nakuandikia kabla hajafika, maana simu yake anayeishika na kuipokea ni baba yako mkubwa.

Utamkuta na jeraha kwenye kiwiko. Atakwambia aliteleza bafuni. Usimbishie. Kliniki ya presha, kila swali la muuguzi lilijibiwa na mume, mpaka yule binti akasingizia kwenda kumpima uzito chumba cha pili ili wabaki wawili. Ana akili yule. Nawe subiri watoto waende shule, mkiwa mnachambua mboga, muulize: "Mama, anakupiga?" Halafu nyamaza.

Usianze na "achana naye." Ana miaka sabini na mbili. Ana shamba la mihogo, ana wajukuu, ana kikundi chake cha kufa na kuzikana, na hela ya dawa anaishika mume. Kuna na aibu ya wakwe. Wajomba zako wanasema ni wazee wale, watapatana. Mbona hawajapatana hadi leo? Mkongojo tulionunua atembelee shemeji ndio huo anaopigia.

Naona siku hizi shemeji anasahau, anawaita watu kwa majina ya marehemu. Kama ni maradhi, apelekwe hospitali. Ila alikuwa anapiga tangu akili zake zikiwa timamu.

Anatishiwa kwamba nyumba itauzwa. Mwambie mapema: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, nyumba ya ndoa haiuzwi bila yeye kuridhia. Na kifungu cha 66 kinasema hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake, mila iseme isemavyo. Hakikutaja umri.

Akitaka kushtaki, mpeleke polisi kwenye dawati la jinsia na watoto, wampe na PF3, ile fomu ya polisi ya kutibiwa. Hata kama hataki, piga picha kiwiko ubaki nayo wewe, na namba yako aikariri kichwani, asiiandike. Nimemwambia abebe cheti cha ndoa na nakala ya hati ya nyumba. Zitunze kwako.

Baba yako mkubwa akipiga kuuliza anarudi lini, mwambie daktari hajasema. Akiwa tayari kurudi, nijulishe mimi kwanza. Nitakuja kumchukua mwenyewe, afikie kwangu.

Mama yako