Historia ya kanisa letu imo pia ndani ya kinanda

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nichangie makala mliyoichapisha hivi karibuni kuhusu historia ya kanisa la mtaa wetu. Mwandishi amefanya kazi ya kupongezwa, kwani amesoma jiwe la msingi, amewahoji wazee na kupanga orodha ya wachungaji kuanzia wa kwanza hadi aliyepo sasa. Hata hivyo, kinanda cha mabomba kilichoko roshani, yaani kile kinachotoa sauti kwa upepo unaosukumwa katika mabomba, amekipa sentensi mbili tu. Ya kwanza inasema kwamba vinanda vya aina hiyo ni urithi wa kanisa tangu zama za mitume, na ya pili inaarifu kwamba cha kwetu kitavunjwa wakati wa ukarabati ili kupisha viti vya kwaya. Sentensi ya kwanza si sahihi, na ya pili imeninyima usingizi.

Kinanda cha mabomba ni kikongwe kuliko Ukristo wenyewe. Kilibuniwa katika karne ya 3 kabla ya Kristo na Ctesibius, fundi wa Alexandria nchini Misri, ambaye alitumia uzito wa maji ili upepo unaoingia katika mabomba usiyumbe. Warumi walikipiga katika viwanja vya michezo, mahali ambapo mtume yeyote angeona haya kuonekana. Mwaka 757 mfalme wa Bizanti (dola ya Roma ya Mashariki), Constantine wa Tano, alimpelekea Pepin, mfalme wa Wafranki, kinanda cha namna hiyo, nayo ilikuwa zawadi ya kidiplomasia baina ya watawala. Makanisa ya magharibi yalikikaribisha polepole baadaye, tena si kwa kauli moja: mwaka 1644 bunge la Uingereza liliagiza vinanda viondolewe makanisani, na makanisa mengi ya Kiorthodoksi yanaimba bila ala yoyote hadi leo.

Simsahihishi mwandishi kwa kupenda ubishi. Nataka kusema kwamba kinanda ni hati, na hati haivunjwi kabla ya kusomwa. Mwaka 1931, katika magofu ya mji wa Kirumi wa Aquincum, ulipo leo mji wa Budapest, yalifukuliwa mabaki ya kinanda kilichokuwa na kibao cha shaba. Kibao hicho kinamtaja aliyekitoa, kinakitaja chama cha wazima moto kilichopokea zawadi hiyo, na kinaonyesha mwaka wa 228 baada ya Kristo. Tunayajua haya kwa sababu chombo chenyewe kilibeba maandishi yake. Ujerumani nako, serikali ilichukua mabomba ya bati yaliyopamba uso wa vinanda vingi mwaka 1917 kwa mahitaji ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na makanisa mengi yakaweka ya zinki mahali pake, kwa hiyo mtaalamu akiingia katika kanisa lenye mabomba hayo husoma habari za vita hiyo kabla hajafungua kitabu.

Cha kwetu nakifahamu kwa ndani. Nilipokuwa kijana katika kwaya, nilipangiwa kumsaidia fundi kila alipokuja kulinganisha sauti. Yeye aliingia ndani ya kabati la kinanda na taa yake, mimi nikabaki nje nikibonyeza sauti moja baada ya nyingine, na kila alipomaliza bomba moja alipiga kelele, "Inayofuata!" Siku moja aliniita ndani nimshikie taa. Nyuma ya mlango mdogo kulikuwa na safu ya tarehe zilizoandikwa kwa penseli na mafundi waliomtangulia, kila tarehe ikiwa na kipimo cha joto cha siku hiyo. Alinieleza kwamba kipimo hicho si pambo. Joto likipanda, hewa iliyo ndani ya bomba la kawaida hubadilika na sauti hupanda nayo, ilhali mabomba yenye ulimi wa shaba, kipande chembamba kinachotetemeka, hayafuati kwa kiasi hicho, hivyo fundi asiyejua mwenzake alifanya kazi katika joto gani anaweza kuharibu kilichokuwa sawa.

Kisha akanionyesha mabomba yenyewe. Kila moja lilikuwa na herufi ya sauti yake, imekwanguliwa kwenye metali kwa ncha ya chuma, lakini mengi yalikuwa na herufi mbili: ya zamani imekatwa kwa mstari na mpya imeandikwa kando yake. Kwa maelezo yake, hiyo ni dalili kwamba mabomba yalihamishwa nafasi, jambo linalofanywa kinanda kinaponunuliwa kutoka mahali pengine na kulinganishwa upya. Siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa, lakini kama ndivyo, maelezo ya makala kwamba kinanda "kilitengenezwa kwa ajili ya kanisa hili" yanahitaji kuangaliwa tena.

Lililonigusa zaidi lilikuwa kwenye mvukuto. Mafundi wa zamani walikuwa na desturi ya kuziba mianya ya hewa kwa karatasi yoyote iliyokuwa karibu, na kwenye mbao za mvukuto wetu zimebandikwa kwa gundi kurasa za daftari zenye majina ya watu na alama za sadaka walizotoa. Makala inasikitika kwamba kumbukumbu za waumini wa miaka ya mwanzo zimepotea. Yamkini baadhi yake zipo hapo, hatua chache kutoka kwenye kiti cha mpiga kinanda.

Sipingi kinanda cha umeme kilichonunuliwa. Hakihitaji fundi wa kutoka mbali, hakitafunwi na panya, na vijana wanakimudu. Wala sidai kwamba cha zamani lazima kipigwe tena, maana ngozi ya mvukuto imekauka na kuishona upya ni kazi kubwa ambayo baraza la wazee lina haki ya kuipima. Hata kukishusha si lazima kuwe mwisho wake. Kinanda kikuu cha kanisa kuu la Notre-Dame mjini Paris, chenye mabomba yapatayo 8,000, kilinusurika moto wa Aprili 2019, kikafunguliwa kwa utaratibu, kikasafishwa vumbi la metali ya risasi, na Desemba 2024 kikasikika tena.

Ombi langu kwa kamati ya ukarabati ni dogo. Kabla mafundi seremala hawajapanda roshani na nyundo zao, aingie mtu mwenye taa na kamera, apige picha mlango, mabomba na mbao za mvukuto, anakili kila neno analoweza kulisoma, na ayape mabomba namba yanaposhushwa ili yasiishie kwa mnunuzi wa vyuma chakavu yakiwa lundo lisilo na mpangilio. Karatasi za mvukuto zisibanduliwe kwa maji, kwa sababu wino wa zamani unaweza kuyeyuka. Kazi hiyo haizidi siku mbili, na mimi niko tayari kushika taa kama nilivyofanya zamani. Ufunguo wa mlango mdogo, mara ya mwisho nilipouona, ulikuwa umetundikwa kwenye msumari upande wa kushoto, nyuma ya bomba la mbao lililo refu kuliko yote.

Wako,
Mwanakwaya wa zamani