Idhini ya vita nayo iwe na siku ya kwisha

Mhariri,

Mjadala wa vita katika ukurasa huu umewagawa wasomaji wenu. Wako wanaosema vita vyote ni dhambi, na wako wanaosema dawa ya mchokozi ni kipigo. Ajabu ni kwamba wote huuliza swali lao mara moja tu, kabla ya risasi ya kwanza kulia. Sisi tunaona pana swali jingine, la mwezi wa tatu, la mwaka wa pili: hivi tunavyopigana sasa ndivyo vile vita tulivyovikubali?

Chukueni yale maneno matatu ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978: sababu, uwezo na nia. Wengi huyasikia kama tambo, kumbe ni mizani. Sababu ilikuwa wazi. Mwezi Oktoba majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakateka ardhi ya Tanzania hadi Mto Kagera, na Amin akatangaza kuwa sasa ni Uganda. Kujitetea hivyo kunakubalika hata katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945, kifungu cha 51. Nia ilikuwa kumtoa mvamizi. Neno ambalo watu hulipita mbio ni uwezo, na ndilo zito. Thomas Aquinas, mwanateolojia wa Kikatoliki wa karne ya 13, aliweka masharti matatu pia ya vita vya haki: mamlaka halali, sababu ya haki na nia njema. Uwezo haumo. Waliokuja baadaye ndio waliouongeza, kwa hoja kwamba kuwapeleka vijana vitani bila tumaini la kufaulu ni kuwadhulumu hao vijana, hata kama adui yao ni dhalimu.

Lakini vita vile havikuishia Kagera. Wanajeshi wa Tanzania walivuka Mutukula, mji wa mpakani, wakaingia Masaka Februari 1979, na Kampala ikaanguka Aprili 11. Kuvuka mpaka kulikuwa na hoja: mizinga ya adui ilikuwa juu ya vilima vya Mutukula, na mvamizi aliyesukumwa hadi mpakani tu hurudi. Kutoka Mutukula hadi Kampala ni jambo jingine. Hapo mtu hajitetei tena, anamwondoa mtawala. Sisi tunaamini Amin alistahili kuondolewa kwa aliyowatenda Waganda, ila sababu ya Novemba haikutosha kubeba mzigo wa Aprili. Ilihitajika hoja yake na kipimo chake. Ndiyo maana Tanzania ililaumiwa na baadhi ya viongozi wenzake katika kikao cha Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Monrovia, Julai mwaka huo. Wanajeshi wake walibaki Uganda hadi 1981.

Sasa tuje kwetu. Oktoba 2011 Jeshi la Ulinzi la Kenya liliingia Somalia baada ya watu kutekwa nyara Kiwayu, Manda na Dadaab. Serikali ilitaja kifungu kile kile cha 51. Lengo lililotangazwa lilikuwa kuwafukuza Al-Shabaab mbali na mpaka. Mwaka uliofuata jeshi likawa chini ya AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia, na mwisho wa Septemba likashiriki kuiteka Kismayo, mji wa bandari ulio mbali sana na Kiwayu. Kujiunga na AMISOM kulibadilisha mamlaka yenyewe ya vita: kutoka kujitetea hadi kutumwa na Umoja wa Afrika kwa idhini ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Hatusemi mabadiliko hayo yalikuwa haramu. Tunasema kila badiliko la aina hiyo ni vita vipya kimaadili, na lilistahili kupigiwa kura upya.

Katiba yetu ya 2010 ina kufuli, lakini kufuli hilo liko upande mmoja. Rais hutangaza vita kwa idhini ya Bunge, kifungu cha 132. Kupeleka majeshi nje kwa kazi za kulinda amani au operesheni nyingine za usalama kunahitaji idhini ya Bunge, kifungu cha 240. Kasoro ya kwanza ni neno "kutangaza". Nani siku hizi hutangaza vita? Huitwa operesheni, na kufuli la kifungu cha 132 haliigusi operesheni. Kasoro ya pili ni kubwa zaidi: idhini haina muda. Linganisheni na hali ya hatari katika kifungu cha 58. Tangazo lake hudumu siku 14 tu. Kuongeza muda, usiozidi miezi 2 kila mara, kunahitaji theluthi mbili ya wabunge wote wa Bunge la Taifa, na mara zinazofuata robo tatu. Yaani kadiri muda unavyokwenda, ndivyo kura inavyozidi kuwa ngumu. Kwa hali ya hatari nyumbani kwetu tumejiwekea breki ya namna hiyo. Kwa vita nje ya mpaka, hakuna.

Waislamu wanaosoma barua hii wataona kwamba hilo si jipya. Aya ya 190 ya Suratul Baqara inaruhusu kupigana na wanaokupiga, na papo hapo inakataza kupindukia mipaka. Katazo hilo linamhusu mtu ambaye tayari yumo vitani. Na Suratul Anfal, aya ya 61, inasema adui akielekea amani nawe ielekee. Wasia wa Khalifa Abubakar kwa jemadari wake nao unahusu mwenendo wa katikati ya vita: msiue mwanamke, mtoto wala mzee, msikate mti wenye matunda, msichinje kondoo wala ngamia ila kwa kula.

Kwenye kipimo cha madhara ndiko makosa mengi hutokea. Itifaki ya kwanza ya 1977 ya Mikataba ya Geneva kuhusu sheria za vita inamtaka kamanda ahakikishe shabaha ni ya kijeshi, achague silaha na saa ya kupunguza madhara kwa raia, aonye inapowezekana, na asitishe shambulio akiona madhara yatazidi faida ya kijeshi anayoitarajia. Faida inayopimwa ni ya shambulio lile. Wanasiasa hupenda kuweka ushindi wa vita vizima upande mmoja wa mizani na bomu moja upande wa pili. Kwa hesabu hiyo hakuna bomu litakalokataliwa.

Kosa jingine ni kuwahesabu waliouawa kwa silaha peke yao. Katika mzingiro wa Fort Jesus, Machi 1696 hadi Desemba 1698, maradhi na njaa viliwamaliza waliokuwa ndani, Wareno kwa Waswahili, kuliko silaha za Waomani. Ile sanamu ya askari kwenye barabara ya Jomo Kenyatta hapa Mombasa inawakumbuka pia wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, ambao wengi wao waliuawa na maradhi na utapiamlo. Anayepima vita bila kutia hesabuni maji, zahanati na chakula anapima nusu ya gharama.

Kwa wanaosema vita kamwe: Aprili 21, 1994, mauaji ya kimbari yakiendelea Rwanda, Baraza la Usalama liliamua kupunguza kikosi chake huko kutoka watu wapatao 2,500 hadi 270. Hakuna aliyeanzisha vita siku hiyo, na bado lilikuwa kosa la kimaadili.

Pendekezo letu kwa wabunge wa Pwani ni dogo. Hoja yoyote ya kuidhinisha majeshi kwenda nje itaje lengo kwa sentensi moja, dalili itakayoonyesha kuwa lengo limetimia, na siku ambayo idhini inakufa isipohuishwa kwa kura mpya. Serikali inayotaka kura hiyo ilete idadi ya waliokufa, wa kwetu na raia wa huko. Baada ya Al-Shabaab kushambulia kambi ya jeshi letu El Adde, Somalia, Januari 2016, hesabu kamili ya askari wetu haikuwekwa hadharani, na Bunge haliwezi kupima bila namba. Hayo yote yanaweza kuandikwa ndani ya hoja yenyewe, mistari mitatu, bila kuigusa Katiba.

Wasomaji wawili,
Kibokoni, Mombasa