KUH: Ziara yenu ya fasihi katikati ya jiji la Nairobi na jinsi mlivyomtendea babangu

Kwa Meneja Mkuu,

Pokea salamu zangu. Dada wa huduma kwa wateja amenijulisha kwamba lalamiko langu "limeshughulikiwa", na ushahidi wa kushughulikiwa kwake ni vocha ya punguzo la asilimia 20 kwa ziara nyingine. Nairudisha vocha hiyo pamoja na barua hii. Nilikusudia kuanza kwa utaratibu, lakini kila nikiifungua ile barua pepe yenu, iliyoandikwa kwa Kiingereza na kumshukuru mtu nisiyemjua kwa kufurahia ziara ya vyakula vya mitaani, mikono inanitetemeka.

Ombi langu ni fupi. Nirudishieni shilingi 7,000 nilizolipia watu wawili, na mumwombe babangu radhi kwa maandishi. Kwa Kiswahili, tafadhali.

Sitarudia tangazo lenu la Siku ya Kiswahili Duniani wala masharti yenu. Mliyaandika wenyewe, na kile kipengele cha lugha ya ziara, kwamba ni Kiswahili, mnakijua kuliko mimi. Hata kile cha wateja wenye umri mkubwa mnakijua, maana ndicho kilichonifanya nimlipie mzee.

Niende moja kwa moja kwenye ngazi za Maktaba ya McMillan, Banda Street. Tulikuwa tumesimama kati ya wale simba wawili wa mawe. Mwongozaji wenu alikuwa ametumia muda mrefu kutusimulia unene wa Bwana McMillan, mlowezi ambaye maktaba ina jina lake, na jinsi gari la maiti lilivyoshindwa kumpandisha mlima Ol Donyo Sabuk alikozikwa. Watu wakacheka, si neno. Babangu akainua mkono, akangoja mpaka aonekane, akauliza: "Mwanangu, na waandishi wa Kiswahili tutawafikia wapi?" Mwongozaji wenu akamjibu mbele ya kundi zima: "Buda, hii ni ziara ya fasihi, si ya methali." Halafu akamvua kile kidude chenu cha kusikilizia maelezo ya ziara na kumpa mteja mwingine ambaye chake kilikuwa kimeisha chaji.

Buda, neno la mitaani la kumwita mzee! Mtu aliyefundisha Kiswahili shule za sekondari mpaka akastaafu, ambaye hata chifu wa kwetu humwita Mwalimu, anaitwa buda na kijana aliyelipwa kwa pesa zetu ili amhudumie.

Najua kilichomsumbua kijana huyo. Kabla ya hapo, tulipokuwa Chuo Kikuu cha Nairobi, alitwambia kwamba Ngũgĩ wa Thiong'o alipofungwa Kamiti aliandika riwaya yake kwa Kiingereza kwenye karatasi za chooni. Babangu akamsogelea, akamwambia kwa sauti ya chini ili asimwaibishe, kwamba ile riwaya ya Kamiti, Caitaani Mũtharaba-inĩ, iliandikwa kwa Gĩkũyũ, na kwamba hiyo ndiyo maana yake yote. Mtu anakamatwa mwisho wa 1977 baada ya kuigiza na wanakijiji kwa lugha yao kule Kamĩrĩthũ, kisha ndani ya seli anaamua kuendelea kwa lugha ile ile. Ukisema aliandika kwa Kiingereza umeifuta hadithi nzima. Mwongozaji wenu alisema "sawa, sawa", na kuanzia hapo hakumtazama tena mzee. Jambo la kusikitisha ni kwamba tulikuwa tumesimama kwenye chuo ambacho mwaka 1968 Ngũgĩ, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walidai Idara ya Kiingereza ivunjwe ili fasihi ya Afrika iwekwe katikati. Hilo halikutajwa. Tulionyeshwa mnara wa kupigia picha.

Na kabla ya chuo, hapo Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo, tulipewa mgongo. Nasema kweli: mwongozaji wenu alisimama na mgongo wake kwa ukumbi, akatutazamisha hoteli ya ng'ambo ya barabara, akatueleza walowezi walivyokuwa wakinywa pale tangu 1904. Barabara yenyewe ina jina la Harry Thuku, mpinzani wa ukoloni. Mwaka 1922 watu walipigwa risasi mtaa huo huo wakidai aachiliwe, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa mbele yao. Hakusema. Ukumbi ulifunguliwa 1952, mwaka ule ule hali ya hatari ilipotangazwa, na Oktoba 1976 ndipo mchezo wa Ngũgĩ na Mĩcere Gĩthae Mũgo kuhusu Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, ulipoonyeshwa humo. Hakusema pia. Babangu aliusoma mchezo huo kwa Kiswahili, kwa jina la Mzalendo Kimathi, na alikuwa amevaa koti lake la Jumapili kwa ajili ya kusimama mbele ya ukumbi ule. Akapigwa picha na hoteli nyuma yake.

Sasa barua pepe yenu inasema kifaa "kilihamishwa kwa sababu za kiufundi". Hamkuwepo, kwa hiyo niruhusuni niwaeleze kilivyohamishwa.

Adhana ya adhuhuri ilikuwa imeanza Msikiti wa Jamia, pale pale ubavuni mwa maktaba, na bila kidude kile mtu wa umri wa babangu hasikii kitu. Mwongozaji wenu alikuwa ngazi mbili juu yake. Aliposema "Buda, hii ni ziara ya fasihi, si ya methali", watu watatu walicheka, na nadhani kicheko hicho kilimpa nguvu. Akashuka. Hakusema samahani, hakusema naomba. Akaushika ugwe shingoni mwa mzee na kuuvuta juu kama anayemvua mbuzi kamba. Ugwe ukanasa kwenye miwani. Miwani ikaruka, ikagonga jiwe, kioo cha kushoto kikapasuka. Babangu bado alikuwa na mkono wake juu, ule wa kuuliza swali, hajaushusha. Aliyeinama kuiokota miwani ni yule mgeni Mzungu aliyekuwa akipewa kidude. Alijaribu kukirudisha kwa mzee, mwongozaji wenu akamwambia aendelee nacho. Halafu akainua kile kibendera chenu cha manjano na kundi likamfuata kuelekea Kimathi Street. Sababu za kiufundi, mnasema.

Kwapani babangu alikuwa na nakala yake ya Sauti ya Dhiki. Aliibeba akiamini kwamba katika ziara ya Siku ya Kiswahili lazima mtu atamtaja Abdilatif Abdalla, aliyefungwa 1969 kwa sababu ya kijikaratasi kilichouliza "Kenya: Twendapi?", akaandika mashairi kwa siri gerezani mpaka alipoachiliwa 1972, na diwani hiyo ikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 1974. Hizo ndizo methali ambazo mwongozaji wenu hakutaka ziingie kwenye ziara ya fasihi. Na mbele ya jengo lile pia! Maktaba iliyofunguliwa 1931, ikawa ya Wazungu peke yao kwa sehemu kubwa ya miaka ya ukoloni. Mwafrika wa miaka ile angeishia kwenye ngazi, na babangu mlimwacha kwenye ngazi zizo hizo.

Ndiyo, mlimwacha. Kundi lilivuka barabara sisi tukiwa bado tunatafuta skrubu ya miwani sakafuni. Askari wa maktaba ndiye aliyempa mzee kiti chake na maji ya kunywa. Nilipiga nambari ya dharura iliyo kwenye tiketi, ikalia mpaka ikakatika. Nikapiga tena, mtu akaipokea na kuniambia niandike ujumbe. Tulipowafikia, walikuwa kwenye ule mkahawa wa hoteli ya Stanley wenye mti wa mgunga, mwongozaji wenu akisimulia mwandishi fulani Mmarekani alivyokuwa akiwinda simba huku miaka ya thelathini. Kahawa ilikuwa ya kujilipia. Sina ugomvi na Mmarekani huyo. Ila sanamu ya Kimathi ipo mtaa huo huo, mwendo wa kutupa jiwe, na walikuwa wameipita bila kusimama.

Kisha tukatangaziwa kwamba kituo cha River Road kimefutwa kwa kuwa "si salama kwa wageni". Tulio wageni tulikuwa wangapi? Wengi wetu hupandia matatu huko huko kila jioni. Tena River Road ndiko babangu alikonunua vitabu vyake vya kwanza, kwenye zile inama bookshop, vitabu vimetandazwa kwenye gunia na mnunuzi ameinama. Alitaka kumwonyesha mwongozaji ni kona ipi.

Lakini River Road ningeisamehe. Nisichoweza kuisamehe ni Landhies Road. Mliiandika kama kituo cha mwisho, na ndiyo sababu mzee alikubali kutoka nyumbani. Ken Walibora aligongwa na matatu barabara hiyo tarehe 10 Aprili 2020, katikati ya siku za korona, na siku kadhaa zikapita kabla nchi haijajua kwamba aliyelala Hospitali Kuu ya Kenyatta bila kutambuliwa ni mwandishi wa Siku Njema. Babangu alifundisha Siku Njema ilipokuwa kitabu cha kutahiniwa, akaisomesha madarasa kwa madarasa. Hakupata kwenda mazishi Trans Nzoia kwa sababu safari zilikuwa zimefungwa. Alitaka kusimama Landhies kidogo tu. Nilipomuuliza mwongozaji wenu, alisema: "Hiyo haiko kwenye skripti yangu." Iko kwenye tangazo lenu, Meneja. Nimelipiga picha kabla hamjalibadilisha, maana naona wiki hii mmelibadilisha.

Nimesoma tena mwanzo wa barua hii na naona ombi langu lilikuwa dogo mno. Shilingi 7,000 ni za ziara, na ziara hamkuitoa. Kioo cha miwani ni gharama nyingine. Risiti ya daktari wa macho nimeiambatisha. Radhi pia haitatosha kwa barua. Mkurugenzi mwenyewe, wala si dada wa huduma kwa wateja, ampigie babangu simu kwanza, kisha aje amwambie ana kwa ana, na amwite Mwalimu. Mwongozaji huyo asiongoze tena ziara yoyote yenye neno Kiswahili kwenye tangazo mpaka amesoma angalau kitabu kimoja kilichoandikwa kwa lugha hiyo. Na wale wengine waliolipa siku ile, ambao wengi walinung'unika kimya kimya kisha wakaenda zao, warudishiwe nusu ya pesa zao. Nina nambari za baadhi yao, na wako tayari kuandika.

Msinijibu kwamba Kiingereza ni lugha rasmi. Kifungu cha 7 cha Katiba nakijua: Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi. Kifungu cha 46 nacho kinampa mteja haki ya huduma yenye ubora unaofaa na ya kupewa maelezo anayoyahitaji ili anufaike nayo. Mliuza ziara ya Kiswahili mkatoa ya Kiingereza, mkauza vituo ambavyo hamkufika, mkamdhalilisha mzee na kumvunjia mali yake. Sijui ni lipi kati ya hayo mtaliita la kiufundi.

Nawapa hadi Ijumaa ya wiki ijayo, saa kumi na moja jioni. Nisipopata pesa zote, simu ya mkurugenzi na tarehe ya kuja kwake, lalamiko rasmi litakwenda kwa Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, ambayo inahusika na leseni yenu na za waongozaji wenu. Picha za tangazo la zamani na la sasa nitazichapisha pamoja, bega kwa bega, kila mahali mnapojitangaza. Jumatatu inayofuata nitakuwa Milimani, kwenye Mahakama ya Madai Madogo, ambako sihitaji wakili na kesi hutakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60. Huko nitadai pia fidia ya kudhalilishwa, na kiasi chake nitakitaja huko huko.

Mkijibu, jibuni kwa Kiswahili. Barua ya Kiingereza nitaihesabu kuwa haijafika.

Wenu,
Bintiye Mwalimu
(jina kamili na nambari ya risiti mnavyo)

Viambatisho: vocha yenu, risiti ya malipo, risiti ya miwani, picha za tangazo